Chumvi ya Chungu na Moyo wa Mzee

Ukitoka Malindi kuelekea Garsen, baada ya Mambrui unaingia nchi ya chumvi: Gongoni, Marereni, mabwawa mapana ambamo maji ya bahari hukaushwa kwa jua hadi yabaki malundo meupe. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka ukanda huu wa Magarini. Nimeanzia hapa kwa makusudi. Wazee wa Kilifi wanapouliza kuhusu moyo, swali la kwanza huwa ni nazi: "Daktari, niache tui?" Chumvi haiulizwi.

Swali la nazi ni la haki. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, kwa hiyo sioni sababu ya mzee kunywa kijiko chake kila asubuhi kama dawa. Lakini tui ndani ya mbaazi ni jambo jingine. Katika visiwa vya Pukapuka na Tokelau, Bahari ya Pasifiki, watafiti walikuta watu ambao mafuta yao karibu yote yalitoka kwenye nazi, na bado ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra. Pamoja na nazi walikula samaki na mizizi, sukari kidogo. Watokelau waliohamia New Zealand walipunguza nazi, na hata hivyo uzito na presha vikapanda. Kwa hiyo tui jepesi kwenye kunde lisimnyime mzee usingizi. Kasimile ya kila siku juu ya sinia la wali mweupe, hiyo ipunguzwe.

Chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, na ushahidi wake tunao hapa hapa Kenya. Mwaka 1990 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliowafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Presha zao zilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kuhama, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi kuliko wa wenzao waliobaki nyumbani, na potasiamu pungufu. Sodiamu huletwa na chumvi. Potasiamu huletwa na mboga, matunda na jamii ya maharage. Damu ni ile ile na ukoo ni ule ule, kilichobadilika ni mji na sahani.

Mzee huumia zaidi kuliko kijana. Mishipa yake imekakamaa, haitanuki tena vizuri moyo unaposukuma damu, ndiyo maana kwake mara nyingi ile namba ya juu ya presha hupanda peke yake. Figo zake hutoa chumvi polepole. Na ulimi wake umepoteza makali, hivyo mchuzi ambao mjukuu anauona umekolea, kwake ni maji matupu, naye ananyoosha mkono kwenye kikebe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, chumvi ya vyakula vyote ikihesabiwa pamoja.

Tazama basi siku moja ya kawaida ya bibi mmoja mjini Malindi. Asubuhi mbaazi zimetiwa chumvi. Mchana ng'onda ameingia mchuzini na chumvi yake yote aliyokaushiwa, na juu yake mpishi ameongeza chumvi ya mkono, kisha unga wa mchuzi wa pakiti, ambao sehemu yake kubwa ni chumvi pia. Jioni viazi karai au mihogo ya kukaanga, yenye chumvi na pilipili. Bibi mwenyewe hajagusa kijiko. Ameletewa sahani na mkazamwana wake, akala kilichopo.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapomkalisha mzee kliniki na kumhutubia peke yake. Anayestahili kuitwa ni anayepika. Mwambie amroweke ng'onda usiku kucha na kumwaga yale maji kabla ya kumpika. Mwambie achague, ama chumvi ama pakiti, si vyote viwili. Pwani hii haijapungukiwa na vitu vya kukoleza chakula: ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, kitunguu saumu. Wala mzee asipikiwe chungu chake cha pembeni, atakiona ni adhabu na atakikataa. Nyumba nzima ile kilicho kizuri.

Nchini China, katika vijiji 600, utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulijaribu jambo kama hilo: kaya zilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa chumvi ya potasiamu. Waliofuatiliwa walikuwa watu waliowahi kupata kiharusi, au wenye umri wa miaka 60 na zaidi ambao presha yao ilikuwa juu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Chumvi ya aina hiyo mwenye maradhi ya figo asiitumie bila kumwona daktari. Potasiamu ya sahani tunayo tayari: mchicha, mchunga ambao Wagiriama huula na sima, pojo, ndizi.

Jambo jingine ni meno, na halisemwi vya kutosha. Mzee asiye na magego huacha korosho, mahindi na mboga ngumu, akabaki na chai yenye sukari nyingi na mkate mweupe wa kuchovya. Usimlaumu; mpondee. Kimanga cha muhogo na maharage, mboga iliyokatwa ndogo ikaiva vizuri, dagaa waliosagwa, vyote humezeka.

Hayo yote hayana maana ikiwa presha haijulikani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Kupima ni dakika chache, hata kwenye zahanati. Na mzee aliyekwisha kuanzishwa vidonge asiviache kwa sababu nyumbani wamepunguza chumvi. Aendelee kuvimeza na apimwe tena baada ya wiki kadhaa. Namba zikishuka, daktari ndiye atakayepunguza dozi.