Dau Pungufu katika Briji

Katika briji, dau hushindana kwa idadi, kisha kwa aina: pau, uru, kopa, shupaza na, juu kabisa, bila turufu. Anayetaja kopa 1 baada ya shupaza 1 ametoa dau pungufu. Mwamuzi aitwe papo hapo, kabla ya mkosaji kujisahihisha. Mpinzani wa kushoto ndiye huulizwa kwanza. Akilikubali, mnada unaendelea. Akilikataa, mkosaji anaweza kupandisha hadi kopa 2, au kutoa tamko lenye maana ileile au finyu zaidi, bila adhabu. Akichagua jingine, mwenzake hulazimika kupita hadi mnada uishe. Adhabu hiyo ni nzito, hivyo mwamuzi mwema huieleza kabla mkosaji hajachagua.