Bustani ya Kipupwe Haingoji Mavuno

Leo twataka kusema nanyi habari ya bustani ya mboga, jinsi ya kuitengeneza kabla kipupwe hakijaingia.

Sisi wa Idete twakaa katika bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Mvua kubwa za masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na mito hufurika mbugani. Maji yakipungua huacha tope lenye rutuba, na ardhi hubaki na unyevu kwa majuma kadhaa. Kisha huja Juni, Julai na Agosti. Mvua hukatika, usiku huwa na baridi, na jua hupungua ukali. Hayo ndiyo majira yapendwayo na kitunguu, kabichi na nyanya, ambazo katika masika huharibiwa upesi na ukungu. Lakini unyevu ule haumngoji mtu.

Twasema haya kwa kuwa sisi wenyewe tulikosea. Mwaka mmoja tulisema, "Tuvune mpunga kwanza, bustani baadaye." Mpunga ulikuwa mwingi, tukamaliza kupura mwisho wa Julai. Tulipokwenda bustanini na jembe, udongo ulikuwa umekauka na kupasuka. Mbegu chache ziliota, nazo zikanyauka. Basi killa juma mama watoto alipima mpunga ghalani, akauuza ili anunue vitunguu na mboga. Hatukuona hasara, kwani kibaba kimoja ni kidogo. Januari ilipofika, wakati wa kulima, ghala lilikuwa tupu. Tulikopa kwa jirani, na mpunga mpya ukaenda kulipa deni kabla hatujauonja. Mpunga wetu haukuliwa na panya wala ndege. Uliliwa na vitunguu.

Tangu hapo twafanya hivi. Mwanzo wa Mei twatengeneza kitalu mahali palipoinuka, na juu yake twaweka kipaa cha nyasi ili mvua isichimbue mbegu. Kitunguu hukaa kitaluni majuma sita hata manane. Kabichi na nyanya hutosheka na majuma manne. Hivyo kitunguu kipandwe kwanza, na hizo nyingine baadaye, ili miche yote iwe tayari katika Juni.

Wakati miche ikikua, twalima matuta, japo saa moja tu killa jioni. Upana wa tuta ni meta 1, mkono ufike katikati pasipo kukanyaga udongo. Palipo na maji tuta liinuliwe. Palipo pakavu lisiinuliwe sana, maana litakauka upesi. Twachanganya samadi iliyooza vema, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Miche twaihamisha jioni, kisha twafunika udongo kwa majani makavu ya mpunga. Watu wengi huyachoma majani hayo, wala hawajui kwamba wachoma maji yao; kwani udongo uliofunikwa hautaki kunyweshwa mara nyingi.

Wigo usisahauliwe. Kuku mmoja aweza kumaliza kazi ya mwezi kwa asubuhi moja. Tena mtungi wa maji ufunikwe, na vidimbwi vifukiwe, maana kiluwiluwi cha mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku kumi hivi, nasi bondeni twaijua sana malaria.

Wala msipande vitunguu tu. Mchicha, matembele na majani ya maboga yampa mtoto vitamini A, ilindayo macho. Mtoto aikosaye muda mrefu aweza kushindwa kuona gizani. Mchicha huchumwa baada ya majuma matatu au manne, basi hulisha nyumba huku kitunguu kikingojewa.

Nanyi walimu, wapeni watoto tuta moja karibu na shule. Wahesabu siku za miche na kupima nafasi kati ya mche na mche; hiyo ni hesabu wasiyoisahau.

Ndugu zetu, mpunga hujaza ghala, lakini bustani hulilinda ghala lenyewe. Anayeshika jembe Mei, Januari hatabisha mlangoni kwa jirani na kikapu kitupu. Mungu aibariki kazi yenu.