Kuni Zetu na Moto wa Jikoni

Katika kila nyumba kuna vitu ambavyo bwana wa nyumba huvihesabu, na vitu asivyovihesabu kamwe. Ng'ombe huhesabiwa, na mbuzi, na madebe ya mahindi yaliyo darini, na fedha ya ada ya shule. Lakini kuni hazihesabiwi. Jioni zaonekana mlangoni juu ya kichwa cha mama au cha binti, na asubuhi zimekuwa majivu. Hakuna aliyeuliza zimetoka wapi, wala zilikuwa ngapi. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tuzihesabu. Watu wengi wakisikia redioni habari za kutunza mazingira hudhani ni kazi ya Serikali na mabwana misitu, wala haiwahusu wao. Sisi twasema kazi hii yaanzia penye mafiga.

Bibi mmoja wa kijiji chetu alituambia hivi: "Nilipoolewa, kuni nilizikata nyuma ya nyumba hii. Sasa mkamwana wangu huondoka jua halijatoka, na akirudi uji wa watoto umechelewa." Hakusema zaidi. Nasi tulipotazama kilima kilicho nyuma ya nyumba yake tuliona majani makavu na mawe, na mfereji uliochimbwa na mvua. Chemchemi iliyokuwa chini ya kilima kile sasa hutoa maji miezi ya masika tu.

Nyumba nyingi za Tanzania na za Kenya hupika kwa kuni au kwa makaa hata leo. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wake kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, yaani gesi, umeme na mengine ya namna hiyo. Ni neno jema, na yeye awezaye kununua mtungi wa gesi leo asingoje kesho. Walakini kati ya leo na mwaka ule kuna vyungu vingi vya kupikwa, na vijiji vingi ambavyo mtungi ukiisha hakuna mahali karibu pa kuujaza. Basi na tuseme habari za moto tulio nao.

Moto wa mafiga matatu, ulio wazi pande zote, ni mfujaji mkubwa. Joto linaloingia chunguni ni kama sehemu moja katika sehemu kumi, au kupita kidogo. Lililosalia huchukuliwa na upepo, hupasha ukuta, au hupanda darini pamoja na moshi. Na moshi wenyewe ni nini? Ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua sawasawa. Mama aliyetembea saa mbili kutafuta mzigo wake humwona ukitoka kwa paa bila kumfaa kitu, tena ukimchoma macho na kifua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu kupita milioni 3 walikufa kwa sababu ya moshi wa nyumbani, na katika hao watoto wasiotimiza miaka mitano walikuwa kupita laki 2. Tumezoea kusema kwamba mtoto amekufa kwa homa ya mapafu. Hatuulizi alilala wapi mama alipokuwa akipika.

Jambo la kwanza, basi, ni kuni kavu. Mti mbichi uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Moto hauna budi kuyachemsha na kuyafukuza maji yale kwanza, ndipo uanze kuchemsha ya chunguni. Mume aletaye magogo mabichi amemtwika mkewe maji, tena maji yasiyonyweka. Kuni zikatwe wakati wa kiangazi, zipasuliwe nyembamba, zipangwe upenuni mahali penye upepo na pasiponyeshewa, zikae miezi. Na chakula kikiiva, kuni zivutwe nje na kuzimwa kwa mchanga, zisiachwe kuungua bure huku watu wakila na kuzungumza. Mfuniko nao si pambo la sufuria. Na maharagwe yaliyolala majini usiku kucha huiva upesi kuliko yaliyotiwa motoni makavu. Mama zetu walijua hivyo, ila sisi wa siku hizi tuna haraka.

Baada ya hayo ni kuuzungushia moto ukuta. Twaa udongo wa kichuguu, uuponde, uuchanganye na nyasi zilizokatwakatwa na majivu kidogo, uukande kama unavyokanda wa kujengea nyumba. Jenga ukuta kuzunguka mafiga, ukiacha mlango mmoja wa kuingiza kuni, na sufuria ikae ndani ya ukuta huo, nafasi kati yake na udongo iwe kama upana wa kidole, ili ndimi za moto zipande zikilamba ubavu wa sufuria. Acha jiko likauke taratibu majuma mawili au matatu kabla ya kulitumia kwa moto mkali, lisije likapasuka. Haligharimu fedha. Lahitaji jasho la siku moja tu, na twadhani jasho hilo lingefaa litoke kwa mwanamume. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu. Nasi tumeona nyumba ambazo mama ni figa, na binti ni figa, na la tatu limekwenda barazani kuzungumza siasa.

Wale wakaao mijini hutumia makaa, nao husema, "Sisi hatukati miti." Na tufanye hesabu. Katika tanuri la udongo la desturi, kupata kilo 1 ya makaa huhitaji kuni kilo 6 hata 10. Gunia moja la kilo 50, basi, ni miti ya kilo 300 hata 500. Mtu wa mjini hakati mti kwa shoka lake, lakini huukata kwa fedha yake, tena hukata mkubwa kuliko mtu wa shamba, ambaye mara nyingi huokota matawi yaliyokauka. Tiba yake ya karibu ni jiko lile lenye udongo wa kuchomwa ndani. Katika miaka ya 1980 mafundi wa Kenya walilieneza: nje ni bati, umbo lake limebanwa katikati kama kiuno cha nyigu, na ndani kuna bakuli la udongo lililotobolewa chini. Udongo hushika joto lisipotee kupitia bati, na mpishi huokoa thuluthi ya makaa, au hata nusu. Mtu mwenye simu mbili mfukoni akituambia kwamba jiko hili ni ghali, hatutamjibu.

Lakini katika njia zote, ile tuipendayo kuliko nyingine ni kikapu cha joto, na twashangaa kwamba haijulikani sana. Chukua kikapu kikubwa. Kitandike ndani majani makavu ya migomba, au nyasi kavu, au blanketi kuukuu iliyokatwa vipande, unene wa kiganja chini na kando zote. Katikati acha nafasi inayoitosha sufuria barabara. Shona mto wa kufunikia juu, uujaze vitu vile vile. Sasa bandika mchele wako motoni, uchemke sana kwa dakika chache, kisha epua sufuria pamoja na mfuniko wake, uitie kikapuni upesi, uifunike kwa mto, uondoke. Ukirudi baada ya saa moja hivi utakuta wali umeiva, haukuungua, na hakuna aliyekaa kuchochea. Joto lililokwisha kuingia sufuriani halikupata njia ya kutoka, likafanya kazi yake lenyewe. Huko Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, makaa ya mawe yalipokuwa adimu, watu walipika hivyo hivyo kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu, wala hawakuona haya.

Hapa yatupasa kuonya jambo moja, nasi twaomba mama wote walishike. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili. Mchemko mkali huiharibu, lakini joto dogo haliiharibu. Kwa hiyo yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke sana katika maji mapya. Dakika 10 ni kipimo cha chini, nasi twashauri nusu saa, ndipo yaingie kikapuni kwa saa kadhaa. Yakitoka yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Nyama kadhalika. Chakula kilichopoa kikawa vuguvugu kisiachwe kikapuni mpaka kesho, maana kitachacha na kuwaumiza watoto.

Kuna desturi nyingine iliyoingia jikoni bila kukaribishwa, nayo ni kuwashia moto kwa mifuko ya plastiki. Moshi wake ni sumu. Mifuko ile laini ya kubebea vitu imepigwa marufuku Zanzibar tangu mwaka 2006, Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu Juni 2019. Walakini plastiki za namna nyingine bado zatupwa kila mahali, na nyingi huishia chini ya sufuria. Majani makavu na vibua vya mahindi huwasha moto vizuri. Na kikapu cha ukili kirudi sokoni mkononi mwa mnunuzi, kama zamani.

Sasa twende kilimani. Watu wakisema habari za miti hufikiri mara moja habari za kupanda. Kupanda ni kuzuri. Profesa Wangari Maathai wa Kenya alipowasikia wanawake wa mashamba wakilalamika kwamba kuni na maji vimekuwa mbali, alianza nao mwaka 1977 kazi ya kuotesha na kupanda miche, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini tumeona pia siku za kupanda miti zilizokuwa na hotuba nyingi kuliko maji: wakubwa wakapigwa picha, na kabla ya miezi miwili mbuzi wakamaliza miche yote. Mti usio na mwenyewe ni chakula cha mbuzi.

Kuna njia iliyo rahisi zaidi. Chini ya ardhi, katika mashamba yaonekanayo kuwa matupu, mara nyingi mizizi ya miti ya zamani ingali hai. Kila mvua visiki huchipua, na kila mwaka jembe na mbuzi huvikata tena. Katika Dodoma wakulima wengi wamefundishwa kazi iitwayo kisiki hai: huchagua kisiki kilichochipua, huacha machipukizi machache yenye nguvu, hukata mengine, hufunga kitambaa ili watu wajue kwamba mti huu watunzwa, kisha hulinda. Mti huo hukua upesi kuliko mche, maana mizizi yake ni ya mtu mzima. Matawi yaliyopunguzwa ndiyo kuni za mwaka huo.

Wasukuma nao wana neno lao, ngitili, yaani malisho yaliyozuiliwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Nchi ya Shinyanga ilikuwa imekatwa miti sana, kwanza kwa kuwafukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba, hata watu wakaifananisha na jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Ngitili zilizokuwapo wakati huo zilikuwa kama hekta 600 tu. Baadaye wataalamu waliona kwamba desturi ya wenyeji yafaa kuliko miche ya kuletwa kwa gari, wakaipa nguvu, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta laki 3. Wakapata malisho, na kuni karibu, na dawa, na asali, na miti ya kujengea. Hakuna aliyewaletea elimu hiyo kutoka ng'ambo. Walikuwa nayo, ila ilikuwa imesahauliwa.

Mwenye kupanda kwa ajili ya kuni, apande mjohoro mpakani mwa shamba; ukikatwa huchipua tena. Mkaratusi hukua upesi na kuni zake ni njema, lakini ni mnywaji mkubwa. Usipandwe karibu na chemchemi wala kijito. Penye chemchemi iachwe mikuyu na miti iliyoota yenyewe.

Neno letu la mwisho ni kwa walimu. Katika shule nyingi za mashamba watoto huja asubuhi kila mmoja na ukuni wake kwa ajili ya uji. Twajua uji haupikwi kwa maneno. Lakini ukuni huo wafaa pia kuwa somo la hesabu. Mwalimu aazime mizani ya dukani. Juma la kwanza watoto wapime kuni zote zinazopika uji juu ya mafiga yaliyo wazi, waandike. Kisha wajenge ukuta wa udongo kama tulivyoeleza, waukaushe, na juma jingine wapime tena, uji ukiwa kiasi kile kile na kuni zikiwa kavu kama zile za kwanza. Watoe hesabu ya tofauti, waizidishe kwa majuma ya shule ya mwaka mzima, kisha waende nje watazame mti mmoja na kukadiria ni miti mingapi. Walimu watakaofanya hivyo watuletee hesabu zao kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na jina la shule na aina ya kuni zilizotumiwa, nasi tutazipiga chapa katika toleo lijalo.