Shamba Haliendi Kanada

Novemba ikifika, ukipita Naitiri au Ndalu, huku kwetu Tongaren, Bungoma, utakuta turubai zimetandazwa uani, mahindi yamemwagwa juu yake, na mtoto amekaa kando na ufito wa kufukuzia kuku. Mama mwenye boma huinama, akaokota punje moja, akaiuma. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea chini ya jino, mahindi yarudi juani siku mbili tatu zaidi. Bodi ya Nafaka na Mazao haitaki unyevu uliopita asilimia 13.5, na broka, ambaye hupokea hata yaliyo mabichi kidogo, hupokea kwa bei anayoitaka yeye. Punje hiyo ndiyo karo ya Januari na mbolea ya Machi. Siku hizi, katika nyumba nyingi za vijana waliosoma, ndiyo Kanada pia.

Nasema nyumba, kwa maana anayepanga kuondoka Tongaren leo si lazima awe yule kijana wa zamani aliyefanyiwa harambee ya nauli akapanda ndege peke yake. Mara nyingi ni mke na mume. Mwalimu na muuguzi. Fundi wa umeme na mhasibu. Wanalaza watoto, wanafungua daftari la shule lililobaki kurasa, na chini ya taa wanajumlisha. Ninawaandikia hao wawili, kwa sababu nimeona hesabu nyingi za namna hiyo zikianzia mahali pasipofaa. Zinaanzia kwenye shamba.

Sisi tunaoishi huku tunajua shamba hili lilivyopatikana. Kabla ya uhuru, ardhi hii ilikuwa ya walowezi wa Kizungu waliolima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa mpaka Kitale. Kuanzia 1962, katika mpango wa ekari milioni moja, serikali ilinunua mashamba yao, ikayakatakata, na familia za Kiafrika zikaingia kwa mkopo. Ndiyo maana mpaka leo wazee husema "huku skimu." Mkopo ulilipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa mahindi na maziwa, na hati haikutoka mpaka deni liishe. Wapo waliozeeka wakilipa. Basi kijana anapomwambia babake, "Mzee, tuuze ekari mbili nipate viza," mzee akanyamaza, ukimya ule usichukuliwe kuwa ni ushamba. Yeye mwenyewe alihama. Anajua gharama ya kuhama, na anajua kwamba kilichomtoa kwao ni akiba na subira, maana hakuwa na shamba la kuuza.

Sasa tuangalie upande wa pili, kule Kanada. Wengi wa hapa wanaotaka kwenda wawili kama wakazi wa kudumu huelekea kwenye mfumo uitwao Express Entry. Asiyekuwa na ajira iliyokubaliwa kule huonyesha fedha za kuanzia maisha. Kwa watu wawili, kiwango kilichotangazwa mwaka 2025 kilikuwa dola 19,001 za Kanada. Kwa shilingi 93 kwa dola, hiyo inakaribia shilingi milioni 1.8. Wanaosikia kiasi hicho hufikiri mara moja juu ya hati iliyofungiwa sandukuni. Lakini masharti yanasema waziwazi: thamani ya ardhi au nyumba uliyo nayo haihesabiki, na fedha za kukopa kwa mtu hazikubaliki. Benki hutakiwa kuandika barua inayoonyesha akaunti ilifunguliwa lini, ina kiasi gani leo, imekuwa na wastani gani kwa miezi sita iliyopita, na mna madeni gani. Soma tena hiyo miezi sita. Milioni moja iliyoingia wiki jana baada ya shamba kuuzwa haipotei, lakini lazima ielezwe kwa karatasi, na haiwezi kuufanya wastani wa miezi sita uwe kama ungekuwa mmeanza mapema.

Fedha hizo hazilipwi kwa mtu. Ni zenu, mnaonyesha kwamba mnazo, na mnashuka nazo uwanja wa ndege muanze kulipa kodi ya nyumba. Zinazokwenda bila kurudi ni nyingine. Kwa viwango vya Aprili 2024, ada ya maombi pamoja na haki ya ukazi ilikuwa dola 1,525 za Kanada kwa kila mmoja wa wawili, na alama za vidole ni dola 85 kwa kila mtu. Hapo hatujagusa mtihani wa Kiingereza, tathmini ya vyeti, vipimo vya afya Nairobi, wala tiketi. Pasipoti ya kurasa 34 peke yake ilipanda mwaka 2024 hadi shilingi 7,550.

Weka hayo kwenye mahindi. Ekari tatu zikitunzwa vizuri na mvua ikakubali, gunia 20 kila ekari, ni gunia 60. Kwa shilingi 4,000, bei ambayo serikali ilitangaza msimu wa 2023 kwa gunia la kilo 90, ni shilingi 240,000, kabla ya kutoa mbegu, mbolea, trekta na vibarua. Milioni 1.8 ni gunia 450. Nimeiandika hesabu hii ili wawili hao waone kwamba mahindi peke yake hayatawavusha, na kwamba mshahara, kama upo, ndio unaopaswa kubeba mzigo. Mahindi yafanye kazi yake ya kulisha nyumba, ili mshahara usiguswe.

Hapo ndipo ghala linapokuwa na faida kuliko broka. Anayeuza Desemba huuza wakati kila mtu anauza. Anayeweza kukausha sawasawa na kuhifadhi mpaka Mei au Juni, mahindi yanapoadimika, mara nyingi hupata bei iliyo bora. Anayeshindwa kusubiri hushindwa kwa sababu ya karo ya Januari. Kwa hiyo akiba ya kwanza ya wanaotaka kwenda ng'ambo, naamini kabisa, si ya ng'ambo. Ni fungu la karo, litengwe tangu Agosti, ili Desemba gunia zibaki ndani.

Kuna jambo lingine ambalo daftari la shilingi halionyeshi. Januari 2024 dola ya Marekani ilifika karibu shilingi 160. Kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Dola 10,000 zilizohitaji shilingi milioni 1.6 zikahitaji milioni 1.29. Waliokuwa wanaweka akiba kwa shilingi walivunjika moyo Januari, wakashangilia Agosti, na hawakuwa wamefanya lolote kustahili vyote viwili. Mkiwa mmebakiza mwaka mmoja hivi, hamisheni sehemu ya akiba kwenye akaunti ya fedha za kigeni, kidogo kila mwezi, badala ya kungoja siku moja ya bahati.

Lakini pesa si saa pekee inayohesabu. Katika mfumo wa Kanada, umri hutoa alama. Anayeomba pamoja na mwenzi wake hupata alama 100 akiwa na miaka 20 hadi 29. Akitimiza 30 ni 95, 31 ni 90, na hivyo hivyo alama hudondoka kila siku ya kuzaliwa mpaka afikapo 45, umri ukiwa hauna alama tena. Kwa hiyo, mkishapita miaka 29, kila msimu wa mahindi unaowaongezea akiba unawapunguzia alama. Ninawasihi wanandoa waliangalie hili mwaka wa kwanza, wasije wakaligundua mwaka wa tano akaunti ikiwa imejaa na alama zimekwisha.

Suala hili la umri linaleta pia swali ambalo katika boma zetu halizungumzwi kwa urahisi: nani aongoze maombi? Mmoja ndiye mwombaji mkuu, mwenzake ni mwandamani. Kama mke ana miaka 28, ana shahada ya uuguzi na Kiingereza chake cha mtihani ni kizuri, na mume ana 36 na diploma, basi hesabu inamtaka mama atangulie kwenye fomu. Shemeji na wajomba watasema. Mwacheni aseme anayetaka. Fomu haiulizi nani ni kichwa cha nyumba, na mwanamume anayemwambia mkewe, "Mama Nekesa, jina lako liwe la kwanza," amefanya kazi kubwa kuliko kuuza ng'ombe.

Mpangilio wa tarehe nao una ujanja wake. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza hudumu miaka miwili, tathmini ya vyeti miaka mitano. Mkialikwa kuomba, mna siku 60 za kuwasilisha kila kitu. Anayefanya mtihani leo huku akiba ikiwa robo, mtihani utakufa kabla ya akiba kukomaa. Vyeti kwanza, akiba katikati, mtihani karibu na mwisho.

Kisha ndoa yenyewe. Wengi wetu tumeoana kwa mila: wazee wamekaa, ng'ombe wamevuka boma, watu wamekula. Ubalozi hauwajui ng'ombe wale. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila na inataka isajiliwe. Cheti kikipatikana, ndicho kinachofungua mlango wa kwenda wawili. Wapo waliopata alama, wakapata pesa, wakakwama kwa karatasi ambayo wangeichukua mapema.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Sacco zimewainua watu wa Bungoma na Trans Nzoia kuliko benki yoyote, na njia rahisi ya kupata nauli ni kuchukua mkopo mkubwa wa sacco, mara tatu ya akiba, na kuondoka. Mkopo huo una wadhamini. Ni mwalimu mwenzako wa meza ya jirani, ni muuguzi uliyekesha naye zamu. Ukifika ng'ambo kazi ikachelewa, marejesho yakisimama, mshahara wake ndio unaokatwa. Nimemwona mama mmoja akitazama hati yake ya malipo ya mwezi, akiweka kidole kwenye mstari wa makato usio wake, bila kusema neno. Mtu aliyedhaminiwa naye alikuwa akituma picha za theluji. Kama ni lazima mkope, kopeni kiasi kidogo kuliko akiba yenu wenyewe, ili mkikwama sacco ichukue akiba yenu na isimguse mtu.

Fedha hizi pia zina watu wanaozinusa. Mwaka 2023, kilomita 70 tu kutoka Kitale, wazazi waliandamana Eldoret kwa sababu walilipa mamilioni katika mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kuwapeleka watoto kusoma Finland na Kanada, na karo haikufika kwenye vyuo. Kesi ilifika mahakamani. Wapo waliokuwa wameuza ardhi. Ule haukuwa mpango wa wakala wa kichochoroni. Ulikuwa na nembo ya serikali. Lipeni wenyewe, kwa jina lenu, moja kwa moja kwenye chuo au kwenye tovuti ya serikali ya nchi husika. Kwa wanaokwenda Ghuba, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala wenye leseni, na yafaa kuisoma kabla ya kutoa hata shilingi ya chai. Ila Ghuba, kwa kazi za nyumbani, huchukua mmoja na kumwacha mwingine, na huo si mpango wa wawili.

Milango nayo hufungwa mkiwa njiani. Uingereza ilipokuwa ikiwachukua wahudumu wa wazee, wanandoa wengi walipanga mke atangulie na mume afuate. Tarehe 11 Machi 2024 wahudumu hao walizuiwa kwenda na wenzi na watoto, na tarehe 22 Julai 2025 kuajiriwa kwao kutoka nje kukasitishwa. Waliokuwa na akiba tu walibaki na akiba. Waliokuwa wameuza shamba walibaki na nusu ya pesa za shamba na hawana pa kupanda.

Ndiyo maana nashikilia kwamba hati ibaki sandukuni. Sheria yenyewe inawasaidia: shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi, na mali ya ndoa haiuzwi bila mwenzi kukubali. Yule asiyetaka ana haki ya kutotoa ridhaa yake mpaka aelewe. Mkipata viza, likodisheni shamba. Andikianeni na anayelikodi, mwaka kwa mwaka, si kwa miaka kumi, na wakili aandike hati ya kumpa ndugu mmoja mamlaka ya kusimamia, lakini si ya kuuza. Hilo la mwisho liandikwe kwa maneno yake yenyewe.

Na fanyeni hivyo kabla ya Machi. Mvua ya kwanza ikinyesha Tongaren, trekta huwa zimeshawekewa miadi, mbolea imepangiwa foleni, na shamba ambalo halijapata mtu linaonekana kutoka barabarani: majani yamesimama mpaka kiunoni, katikati ya mashamba yaliyochimbuliwa yakawa mekundu.