Sindano za Kichina na Pua Iliyoziba

Mvua za masika zinapokwisha kuinywesha ardhi, nyasi za Kemambo na za mbuga za Serengeti huchanua, na upepo huzipeperusha chavua zake hadi majumbani na madarasani. Chavua ni unga wa uzazi wa mimea. Kwa watu wengi haina madhara. Lakini mwili wa mwenye mzio huidhania kuwa ni adui. Seli za kinga zilizomo katika utando wa pua hutoa kemikali iitwayo histamini. Mishipa midogo ya damu hupanuka, utando huvimba, kamasi humiminika na pua huziba. Mwanafunzi wa namna hii halali vema usiku, na mchana hafuati somo.

Je, akupancha, yaani tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, yaweza kumsaidia? Tiba hii si ngeni kwetu. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na Musoma ni miongoni mwa miji waliyoihudumia. Kwa maradhi ya pua, sindano huchomwa hasa kando ya mianzi ya pua, na mkononi kati ya kidole gumba na kidole cha shahada.

Ugumu wa kulijibu swali letu ni huu: msimu wa maua ukiisha, pua huzibuka yenyewe, na mgonjwa aliyekwisha kuchomwa ataisifu sindano. Kwa hiyo hapana budi kulinganisha. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 422 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza lilichomwa mahali panapostahili. La pili lilichomwa kijuujuu mahali pasipohusika. La tatu halikuchomwa. Wote waliruhusiwa kumeza vidonge vya kuzuia histamini. Baada ya wiki 8, kundi la kwanza lilikuwa na nafuu zaidi, ingawa kidogo. Kufikia wiki ya 16 tofauti hiyo ilikuwa imetoweka.

Basi sindano yaweza kupunguza adha, lakini haiondoi mzio. Tena, sindano iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine huweza kuambukiza homa ya ini na UKIMWI. Iwe mpya, na mchomaji awe mtaalamu. Na mwanafunzi anayebanwa kifua apelekwe kituo cha afya mara moja, kwani huenda ana pumu, na pumu huua.

Mwalimu aweza kuliuliza darasa lake: ni kundi lipi linalotuonyesha kazi ya matumaini ya mgonjwa, na ni lipi linalotuonyesha kazi ya msimu na vidonge?