Je, michezo ya video yenye ukatili huwafanya vijana wetu kuwa wakatili?

Kati ya maswali ambayo wazazi huwaletea mapadre, makatekista na walezi wa vijana, lipo moja ambalo babu zetu hawakuwahi kuliuliza: je, mtoto anayeshinda na simu akipiga risasi na kuua watu wa kwenye kioo, hatimaye atakuja kuwaumiza watu wa kweli? Michezo ambayo miaka ya nyuma ilihitaji mashine ya gharama kubwa, leo hupakuliwa bure katika simu ya bei nafuu, na mingine huchezwa katika vibanda vya mtaani kwa fedha kidogo. Mzazi anayeuliza hivyo anampenda mwanawe, na anastahili jibu la kweli. Katika makala haya tunaeleza yale ambayo tafiti zimeonyesha, yale ambayo hazikuonyesha, na wajibu unaobaki mikononi mwetu sisi waamini.

Hofu hii ilikotoka

Hofu juu ya michezo hii ina umri wa karibu nusu karne. Mwaka 1976, nchini Marekani, mchezo ulioitwa Death Race ulizua malalamiko makubwa kwa sababu mchezaji alipata alama kwa kuwagonga viumbe kwa gari. Mwaka 1993, Maseneta wa nchi hiyo waliitisha vikao vya hadhara kuhusu michezo kama Mortal Kombat, ambamo mshindi humwua mpinzani wake kwa namna ya kutisha. Mwaka uliofuata, wafanyabiashara wa michezo walianzisha chombo cha kupanga michezo kwa umri wa wachezaji, kiitwacho ESRB. Ulaya ilipata mfumo wake, PEGI, mwaka 2003.

Lakini tukio lililoikaza hofu hiyo katika mioyo ya wengi ni lile la tarehe 20 Aprili 1999. Katika shule ya sekondari ya Columbine, jimboni Colorado, vijana wawili waliwaua kwa risasi wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Ilifahamika baadaye kwamba wawili hao walipenda mno mchezo uitwao Doom. Baadhi ya familia zilizofiwa zilizishtaki kampuni za michezo, lakini mahakama ilizifuta kesi hizo. Uchungu wa familia hizo unaeleweka, na hakuna Mkristo anayeweza kuupuuza. Hata hivyo, Doom ulikuwa umechezwa na mamilioni ya watu tangu mwaka 1993, na karibu wote hawakumwua mtu yeyote. Kwa hiyo, kujua kwamba mwuaji aliucheza mchezo huo bado si kujua kilichomfanya aue.

Mwaka 2005, jimbo la California lilipitisha sheria ya kukataza kuwauzia watoto michezo yenye ukatili mkubwa. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 2011, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilibatilisha sheria hiyo. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi, alieleza kwamba tafiti zilizoletwa hazikuthibitisha kuwa michezo hiyo inawafanya watoto watende ukatili. Jaji Samuel Alito alikubali kwamba sheria ile ibatilishwe, lakini alionya kwamba si busara kudhani kuwa michezo hii mipya haina tofauti yoyote na vitabu au filamu. Maonyo yote mawili yanatufaa: tusihukumu bila ushahidi, na tusilale usingizi.

Tafiti zinasema nini

Ili kuzielewa tafiti, yatupasa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Lipo jambo la uchokozi, yaani maneno makali, hasira ya haraka, kusukumana na ugomvi mdogo. Na lipo jambo la ukatili wenyewe: kujeruhi, kubaka, kuua. La kwanza laweza kupimwa kwa urahisi kiasi. La pili ni nadra, na mizizi yake ni mingi.

Watafiti kama Craig Anderson na Brad Bushman wa Marekani wameshikilia kwa miaka mingi kwamba michezo yenye ukatili huongeza uchokozi. Sehemu ya ushahidi wao hutoka maabara: mtu hucheza kwa muda mfupi, kisha hupewa nafasi ya kumpigia mpinzani kelele masikioni, na mtafiti hupima amechagua kelele kubwa kiasi gani na kwa muda gani. Wapinzani wao, akiwemo mwanasaikolojia Christopher Ferguson, wanajibu kwamba kubonyeza kitufe cha kelele maabara ni mbali sana na kumpiga mtu barabarani.

Kwa hiyo wengine wakaamua kuwafuatilia vijana katika maisha yao ya kawaida. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo cha Dartmouth waliunganisha tafiti 24 kutoka nchi mbalimbali, zenye washiriki zaidi ya 17,000 wa umri wa kati ya miaka 9 na 19. Waliona kwamba waliocheza michezo yenye ukatili walielekea kuongeza kidogo vitendo vya kupigana baadaye. Ongezeko hilo lilikuwepo, lakini lilikuwa dogo.

Mwaka 2019, Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha utafiti juu ya vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Waliandikisha mpango wao kabla ya kuanza, ili wasije wakachagua matokeo yanayowapendeza. Hawakumwachia kijana mwenyewe aseme mchezo wake ni mkali au la, bali walitumia alama rasmi za umri na maudhui. Tena, kuhusu mwenendo wa kijana, waliwauliza wazazi wake. Hawakuona uhusiano wowote kati ya michezo hiyo na uchokozi. Kabla yao, watafiti wa Ujerumani walikuwa wamewapa watu wazima mchezo wa Grand Theft Auto V wacheze kila siku kwa miezi miwili. Nao hawakuona ongezeko la uchokozi.

Yapo pia mambo yanayoonekana katika nchi nzima. Japani na Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zinazopenda sana michezo ya video, lakini mauaji huko ni machache mno. Nchini Marekani, tangu katikati ya miaka ya 1990, uhalifu wa kikatili wa vijana ulishuka sana katika miaka ileile ambayo michezo hii ilienea. Hilo halithibitishi kwamba michezo ilileta amani. Linaonyesha tu kwamba haikuleta mafuriko ya damu yaliyotabiriwa.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambacho mwaka 2015 kilikuwa kimetoa tamko juu ya uhusiano wa michezo hii na uchokozi, kilifafanua msimamo wake mwaka 2020. Kilisema upo uhusiano mdogo na tabia kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha na ukatili wenyewe. Kiliongeza kwamba kuibebesha michezo lawama ya mauaji si jambo la kisayansi, na kwamba kunatuondoa macho kwenye sababu nyingine.

Basi jibu letu kwa mzazi ni hili: mchezo peke yake haumgeuzi kijana mwema kuwa mwuaji. Huenda ukamchochea kidogo kijana kuwa mkali wa maneno na wa mikono, na juu ya hilo wataalamu bado wanabishana.

Sababu tunazozikwepa

Amri ya nane inatukataza kushuhudia uongo. Tunapoukabidhi mchezo lawama isiyo yake, madhara yake hayaishii kwenye maneno. Mzazi humnyang'anya mtoto simu na kuamini kwamba tatizo limekwisha, ilhali chanzo kimebaki palepale sebuleni.

Shirika la Afya Duniani linapotaja mambo yanayomweka kijana katika hatari ya kutenda ukatili, hutaja kushuhudia au kutendewa ukatili nyumbani, adhabu kali, usimamizi hafifu wa wazazi, ulevi, marafiki wabaya na silaha kupatikana kwa urahisi. Sisi wa Tanzania tunayo takwimu yetu ya kutuamsha. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wametendewa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Wakati ule simu za kisasa zilikuwa mikononi mwa wachache. Mkono uliowapiga watoto wale haukuwa wa mchezo wa video. Ulikuwa mkono wa mtu mzima waliyemfahamu.

Wapendwa waamini, hapa ndipo penye jambo zito. Mtoto wa miaka kumi anayemwona baba akimpiga mama amejifunza somo la ukatili ambalo hakuna mchezo unaoweza kulifundisha kwa nguvu kama ile, kwa sababu mwalimu wake ni mtu anayempenda. Ikiwa mtoto huyo atajificha ndani ya mchezo usiku kucha, pengine mchezo ndiyo mahali pekee ambapo hapigwi yeye. Kumnyang'anya simu bila kumwuliza kinachomsumbua ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Je, basi kila mchezo ni halali?

Hapana. Kwamba kitu hakimfanyi mtu kuwa mwuaji si sababu ya kutosha ya kukiita chema. Injili ya Marko, sura ya saba, inatufundisha kwamba uovu humtoka mtu moyoni, na ndiyo sababu Mkristo huulinda moyo. Kwa hiyo mzazi asiishie kuuliza, "Je, ataua?" Aulize pia: mchezo huu unamzoesha mwanangu kufurahia nini? Unamfundisha kumwona mwanamke, maskini au adui kwa jicho gani? Unamnyima nini?

Mwaka 2007, katika ujumbe wake kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, Papa Benedikto wa Kumi na Sita alikemea waziwazi katuni na michezo ya video ambayo, kwa jina la burudani, hutukuza ukatili na kudhalilisha tendo la ndoa. Aliiona kuwa upotoshaji, hasa inapowalenga watoto. Hakusema kwamba kila mchezo ni mbaya. Alitaka wazazi na watoto wajifunze kuchagua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2496, nayo inawataka watumiaji wa vyombo vya mawasiliano wawe na kiasi na nidhamu.

Kukosa kiasi kuna jina hata hospitalini. Shirika la Afya Duniani limeingiza ugonjwa wa uraibu wa michezo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea kucheza ingawa madhara yanaonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12. Si kila anayecheza sana ni mgonjwa, lakini kijana aliyeacha shule, usingizi na chakula anahitaji msaada wa mtaalamu pamoja na sala.

Wazazi wafanye nini

Kwanza, tusome alama ya umri. Katika simu nyingi, kabla ya kupakua mchezo, utaona namba kama 7, 12, 16 au 18. Grand Theft Auto V umewekewa 18 barani Ulaya. Mtoto wa darasa la tano hana sababu ya kuucheza, hata kama wenzake wote wanaucheza.

Pili, tukae naye. Mwombe akuonyeshe mchezo wake, akueleze nani anapigana na nani, na kwa nini. Katika dakika ishirini utajua mengi, naye atajua kwamba unamjali. Uliza pia anaongea na nani ndani ya mchezo, kwani mingine huwaunganisha watoto na watu wasiowafahamu.

Tatu, tuweke saa na mahali. Simu isilale na mtoto. Meza ya chakula na sala ya jioni zisiwe na kioo chochote, na sheria hiyo iwabane baba na mama pia.

Nne, tumpe kitu kilicho bora zaidi. Kwaya, Utoto Mtakatifu, mpira wa parokia na kazi za nyumbani hujaza nafasi ambayo katazo tupu huiacha wazi. Katika Wosia wa Kitume uitwao Furaha ya Upendo, Papa Fransisko aliwakumbusha wazazi kwamba kumchunguza mtoto kila hatua si malezi. Lililo kubwa ni kujua moyo wake uko wapi, imani yake na matamanio yake.

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo wa Kumi na Nne mwaka 2025, alipenda michezo ya video kama vijana wetu. Inasimuliwa kwamba alijiwekea kikomo cha saa moja kwa juma, kwa sababu hakutaka kuwa mtumwa wa kitu chochote. Hakuna aliyemlazimisha. Alilelewa, akasikilizwa, akapata upendo mkubwa zaidi katika Ekaristi Takatifu, na mchezo ukabaki mchezo. Tumwombe awaombee vijana wetu, nasi tuwape nyumba ambamo hakuna anayepigwa na kila mmoja anasikilizwa.