Protini Inayojidhibiti na Misuli Isiyolegea

Mgonjwa wa distrofi ya mayotonia akikupa mkono, huchelewa kuuachia. Chanzo ni jeni ya DMPK, iliyo katika kromosomu ya 19, ambamo herufi tatu za DNA, CTG, hurudiwa zaidi ya mara 50, pengine maelfu. RNA inayonakiliwa kutoka jeni hiyo hukwama ndani ya kiini cha seli na kuinasa protini ya MBNL1, ambayo huongoza ukataji na uungaji wa RNA nyingine, ikiwamo ile ya mfereji wa kloridi wa misuli. Mfereji huo ukipungua, msuli hukawia kulegea.

MBNL1 hujidhibiti pia. Ikiwa tele, huiondoa eksoni ya 5 katika RNA yake yenyewe. Ikiadimika, eksoni hiyo hubaki, na protini itokanayo huelekea zaidi kwenye kiini. Kwa mwenye afya, marekebisho hayo hufaa. Kwa mgonjwa, akiba mpya hupelekwa palepale mtego ulipo! Ndiyo maana watafiti wengi hulenga kuiangamiza RNA yenyewe.

Kwa sasa, mgonjwa apimwe umeme wa moyo kila mwaka, na kabla ya upasuaji amjulishe mtoa dawa ya usingizi, hata kama dalili zake ni hafifu.